Mgeni wa Kariakoo: Siku ya Tatu Mpe Jembe

Kila mwaka shule zinapofungwa na sikukuu zinapokaribia, mabasi hujaa watu wanaotoka Dar es Salaam kurudi vijijini. Wapo wanaokwenda Kilimanjaro mwezi wa Desemba, wapo wanaokwenda Lushoto, Iringa na Mbeya, na wapo wanaokuja huku kwetu katika Milima ya Uluguru. Wengi wao ni ndugu zetu wanaotafuta riziki Kariakoo: wauza vitenge, wauza vyombo, mama lishe, wachukuzi wa mizigo. Wanafika wamechoka. Sisi tunawapokea kwa furaha, tunawachinjia kuku, tunawatuma watoto dukani kuleta soda na mkate mweupe. Baada ya siku kumi wanarudi mjini wamenenepa, nasi tunabaki na deni dukani.

Mimi ni kijana niliyesomea cheti, nafanya kazi katika zahanati ya kijiji. Siku hizi kada yetu huitwa tabibu msaidizi, lakini wazee wangu bado wananiita mganga msaidizi wa vijijini, na jina hilo silikatai. Wazee mtaniwia radhi nikisema wazi maoni yangu. Naona kwamba likizo ya ndugu wa mjini katika shamba la familia ni kinga kubwa ya afya. Lakini jinsi tunavyoiendesha sasa inamdhuru mgeni, inamchosha mwenyeji, hasa akina mama, na inawafundisha watoto kulidharau shamba. Dawa yake tunayo tangu zamani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliikumbusha methali hiyo mwaka 1962 alipoandika juu ya Ujamaa. Yeye aliisema kwa habari ya kazi na unyonyaji. Mimi naomba kuisema kwa habari ya afya.

Kariakoo inavyomchosha mtu

Jina lenyewe la Kariakoo lina habari ya uchovu ndani yake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikusanya wapagazi kwa maelfu ili wabebe mizigo ya jeshi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na kambi yao Dar es Salaam ilikuwa mahali hapo. Watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Tukumbuke kwamba wapagazi wengi waliokufa katika vita hiyo hawakuuawa na risasi. Waliuawa na magonjwa, njaa na kuchoka.

Leo hakuna vita, lakini mzigo bado upo. Tuchukue mfano wa mama mmoja anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo. Tumwite Shangazi, maana kila ukoo una shangazi wa namna hii. Anaamka saa 10 alfajiri. Anafungua kinywa kwa chai yenye sukari nyingi na maandazi mawili. Kisha anakaa juu ya kigoda mpaka jioni, maana akiondoka mteja atakwenda kwa jirani. Mchana anakula chipsi mayai na soda, akinyunyiza chumvi kabla hajaonja. Mchana kutwa anasikia honi, vipaza sauti vya wauzaji na kelele za mikokoteni. Usiku anahesabu fedha, anawaza kodi ya fremu, marejesho ya mkopo na ada ya shule. Analala saa 6 usiku, na usingizi wenyewe ni wa mang'amung'amu. Mwaka 2025 ulizinduliwa mpango wa kufanya biashara Kariakoo kwa saa 24. Ni jambo zuri kwa uchumi, lakini mwili wa binadamu haukuumbwa kwa saa 24.

Matokeo yake ni nini? Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2012 ulionyesha kwamba kama robo ya watu wazima wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na presha ya juu, na karibu asilimia 9 walikuwa na kisukari. Wengi hawakujua kama wanaumwa. Presha haina kengele. Mtu anajiona mzima mpaka siku anapoanguka mdomo umekwenda upande, mkono na mguu havina nguvu. Hapo ndipo tunasema amerogwa kwa sababu ya biashara yake. Hakurogwa. Mishipa yake ilikuwa ikiumia kidogo kidogo kwa miaka kumi.

Shamba lina nini?

Tusiseme shamba lina uchawi wa kuponya. Shamba halina uchawi. Lina vitu vinne ambavyo Kariakoo ni adimu.

Kwanza, lina kazi ya mwili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye kazi ya kutoa jasho la wastani kwa dakika 150 kila juma, angalau. Kwa Shangazi aliyekaa kigodani hizo ni nyingi. Kwa mtu anayepanda mlima kwenda shambani na kurudi, dakika hizo zinatimia kwa siku mbili au tatu, naye hata hajui kama amefanya mazoezi. Moyo unapata nguvu, sukari ya damu inatumika, presha inateremka.

Pili, lina chakula kisichopita kiwandani. Mchicha, kisamvu, majani ya maboga, maharage, kunde, magimbi, ndizi, mapapai na mafenesi. Chakula hiki kina nyuzinyuzi, hushibisha bila kunenepesha, na hakikufichwa chumvi ndani yake. Mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima. Mwenye kula chipsi na nyama choma kila siku amekwisha kupita hapo kabla ya jua kuzama.

Tatu, lina giza na usingizi. Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi. Kijijini, baada ya chakula na mazungumzo, saa 3 usiku watu wamelala. Asubuhi anaamshwa na jogoo badala ya simu.

Nne, lina utulivu na watu wake. Mtu aliyezungukwa na miti, maji yanayotiririka na ndugu wanaomjua kwa jina la utotoni, akili yake inapumzika. Wenzetu wa Japani wamelitambua jambo hili. Mwaka 1982 idara yao ya misitu ilianza kuwahimiza wananchi waingie msituni na kutembea polepole kwa ajili ya afya. Huko Italia walitunga sheria mwaka 1985 ya kuwaruhusu wakulima kupokea wageni wa kulipa katika mashamba yao, wale chakula cha shamba na walale hapo hapo. Mkulima akapata fedha ya kutunza shamba, na mtu wa mjini akapata pumziko.

Hata hapa kwetu jambo hili si geni. Tangu mwaka 1995 Tanzania ina mpango wa utalii wa utamaduni, ambao wageni hufika vijijini, huona mashamba ya kahawa na migomba, hupika na wenyeji na kula nao. Zanzibar wageni hutembezwa mashamba ya viungo kuonyeshwa karafuu, iliki na mdalasini. Sasa tujiulize: mgeni kutoka Ulaya analipa ili apewe jembe na ndizi. Ndugu yetu wa Kariakoo, ambaye babu yake ndiye aliyepanda migomba hiyo, kwa nini tunamnyima jembe bure na kumnunulia soda kwa mkopo?

Makosa tunayofanya sisi wenyeji

Naona makosa yetu ni matatu.

Kosa la kwanza ni kuona aibu juu ya chakula chetu. Tunadhani mgeni wa mjini atatucheka tukimpa magimbi na mlenda. Tunamtafutia soda, biskuti na mafuta mengi. Soda moja yaweza kuwa na vijiko saba vya chai vya sukari, au zaidi. Mtu mwenye kisukari akipewa soda tatu kwa siku kwa heshima, heshima hiyo inamwua. Amekimbia soda Kariakoo, ameikuta inamngoja mlimani.

Kosa la pili ni kumkalisha. Mgeni anatandikiwa mkeka chini ya mwembe, anakula, analala, anakula tena. Jioni anakwenda kilabuni. Hiyo siyo likizo ya afya. Hiyo ni Kariakoo bila biashara.

Kosa la tatu linawahusu akina mama. Mgeni mmoja akija ni ndoo mbili zaidi za maji, ni mzigo zaidi wa kuni, ni sufuria zaidi za kuosha. Wageni watano wakija, mama wa nyumba hana likizo hata kidogo. Naye pia ana presha, naye pia ana mgongo. Katika zahanati, baada ya sikukuu, ninawapokea akina mama wenye maumivu ya kiuno na mikono. Hawakuugua kwa malimao. Waliugua kwa ukarimu. Kwa hiyo ninaposema siku ya tatu mpe jembe, nasema pia mpe ndoo, mpe shoka, mpe kinu. Na mgeni mwanamume asijifanye hakusikia. Maji hayajui mwanamume wala mwanamke.

Ratiba ninayoshauri

Siku ya kwanza na ya pili mgeni apumzike. Asalimie wazee, alale mapema, anywe maji ya kutosha, atembee kwenda kuwaona majirani. Kama kuna zahanati karibu, apite apimwe presha. Kipimo kikisoma 140 kwa 90 au zaidi, kirudiwe siku nyingine na ashauriwe. Kupima ni dakika chache tu.

Siku ya tatu aamke saa 12 asubuhi, aende shambani na wenyeji. Alime kidogo, kwa saa moja, kisha apumzike kivulini. Siku zinazofuata aongeze polepole, lakini jua likianza kuchoma, mnamo saa 4, arudi nyumbani. Asishindane na vijana. Mtu aliyekaa kigodani miaka kumi hawezi kugeuka trekta kwa siku moja. Akisikia kifua kinabana, pumzi inakatika au kichwa kinazunguka, aache mara moja na apelekwe zahanati.

Mchana ale pamoja na familia chakula cha familia. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda. Kuku achinjwe siku moja au mbili, siyo kila siku. Jioni wazee wawaonyeshe watoto mipaka ya shamba, majina ya miti, chemchemi ya ukoo na makaburi ya mababu. Huku kwetu Uluguru, ambako ardhi hufuata ukoo wa mama, kazi hiyo ni ya mjomba. Mjomba asiisahau.

Msomaji mmoja atasema, mtu hana siku kumi za kuacha biashara. Ni kweli. Lakini treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na safari hiyo ni ya chini ya saa mbili. Mtu wa Kariakoo aweza kufunga duka Jumamosi mchana na kufika Morogoro kabla ya jua kuzama, akapanda gari la Mgeta, Kinole au Matombo asubuhi yake. Siku tatu kila baada ya miezi mitatu zina faida kuliko siku kumi za ulevi mwisho wa mwaka.

Mambo ya kujihadhari

Ndugu msomaji, nisingekuwa mganga mwaminifu kama ningesifu shamba bila kutaja hatari zake. Yashike haya.

Malaria. Dar es Salaam ugonjwa huu umepungua sana, na watoto waliozaliwa mjini miili yao haikuzoea kupambana nao. Mtoto wa Kariakoo akiumwa na mbu wa kijijini anaweza kuugua vikali kuliko binamu yake. Kwa hiyo kila mgeni, mkubwa kwa mdogo, alale ndani ya chandarua chenye dawa. Homa ikimpata mtoto, afikishwe zahanati siku hiyo hiyo apimwe damu. Vimelea vya malaria huchukua siku saba au zaidi kabla ya homa kutokea, hivyo ugonjwa waweza kuanza baada ya kurudi mjini. Ukipatwa na homa ndani ya majuma kadhaa baada ya likizo, mwambie daktari kwamba ulikuwa shamba. Mama mjamzito aje na kadi yake ya kliniki, asikose kipimo chake cha dawa ya SP.

Dawa za kila siku. Mwenye presha, kisukari, kifafa, selimundu au anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI aje na dawa za siku zote na akiba ya siku chache. Asiache dawa kwa kuwa anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anazimeza. Wala asibadilishe dawa ya hospitali kwa mizizi kwa kuwa mtu fulani amemsifia.

Kisukari na jembe. Anayetumia sindano au vidonge vya kisukari asilime akiwa na njaa. Ale kwanza, na mfukoni awe na pipi au sukari kidogo. Akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi na kuchanganyikiwa, sukari imeshuka: apewe kitu kitamu upesi. Na asitembee pekupeku, maana miguu ya mgonjwa wa kisukari hupoteza hisia. Anaweza kuchomwa na mwiba asijue, mpaka kidonda kimeoza.

Maji na maziwa. Maji ya mto ni mazuri kwa macho, siyo kwa tumbo. Yachemshwe. Maziwa nayo yachemshwe. Watoto wasiogelee katika madimbwi na vijito vyenye maji ya polepole, maana humo ndimo kichocho kinamokaa.

Nyoka na mbwa. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, na apelekwe hospitali haraka. Usimchanje, usimfunge kamba, usinyonye jeraha. Aliyeumwa na mbwa aoshwe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha awahi kupata chanjo ya kichaa cha mbwa. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Kikohozi. Hatari haitoki kijijini peke yake. Vyumba vya mjini vimesongamana, na kifua kikuu hupenda mahali pa msongamano. Mgeni anayekohoa kwa majuma mawili au zaidi apimwe kabla ya kulala chumba kimoja na watoto. Kumwambia hivyo siyo kumtukana. Ni kumpenda.

Shamba lenyewe liwe na afya

Hatuwezi kumkaribisha mtu apate afya katika shamba lililo mgonjwa. Wapo wakulima wanaopulizia mboga dawa za wadudu leo na kuzichuma kesho kwa sababu gari la soko linangoja. Mboga hizo zinakwenda Dar es Salaam, ndugu zetu wanazila. Wapo wanaochota maji ya kunywa kwa makopo ya dawa hizo. Makopo hayo hayaoshwi yakatakata. Yatobolewe, yasitumike tena. Siku ya kupulizia, watoto na wageni wakae mbali, na siku za kungoja kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kopo zifuatwe.

Njia nyingine zipo. Shirika la Sustainable Agriculture Tanzania, lililoanzishwa Morogoro mwaka 2011, hufundisha wakulima kilimo hai katika kituo chake cha Vianzi: mboji, kuchanganya mazao, matuta, na kuzuia wadudu bila sumu kali. Wachaga nao wana kihamba chao, ambamo miti mikubwa, migomba, kahawa, mboga na mifugo hukaa pamoja kwa vizazi vingi. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa kutunzwa. Shamba la namna hiyo halichoki upesi, na mtu akitembea ndani yake hupata kivuli, matunda na hewa safi.

Na Kariakoo isidhani kwamba hayo hayaihusu. Mto Ruvu, ambao maji yake husafishwa Ruvu Juu na Ruvu Chini kwenda Dar es Salaam, hupata maji mengi kutoka Milima hii ya Uluguru. Mwaka 2022 mto ulipopungua, jiji liligawiwa maji kwa zamu. Tukilima ovyo kwenye miteremko na kukata msitu, bomba la Shangazi linakauka. Serikali ya kikoloni ililazimisha matuta kwa amri, na mwaka 1955 watu wa Matombo waliinuka kupinga. Somo lake ni kwamba ardhi haitunzwi kwa viboko. Hutunzwa na mtu anayeipenda, na mtu hapendi kitu asichokijua. Mtoto wa Kariakoo aliyepanda mti juu ya chemchemi kwa mkono wake ataelewa habari ya maji kuliko aliyeisoma ubaoni.

Wako watakaopinga

Wengine watasema, “Mganga, huyu ndugu ametuletea sukari na fedha, nitampaje jembe? Atanuna.” Mimi nasema, mwambie kwa heshima. Shangazi huambiwi “shika jembe” kama mtumishi. Unamwambia, “Shangazi, karibu tukalione shamba lako.” Ukitumia neno hilo, “lako”, atainuka mwenyewe.

Wengine watasema, “Sisi tunalima kila siku na bado tunaugua.” Ni kweli kabisa. Mkulima anaugua kwa sababu ya maji machafu, mbu, kazi nzito kupita kiasi na chakula kisichotosha miezi ya njaa. Sisemi maisha ya kijijini ni pepo. Nasema kwamba mjini na kijijini kila mmoja ana dawa ya mwenzake. Mgeni aje na chandarua cha ziada, sabuni, na mchango wa kujenga choo bora au tangi la maji ya mvua, badala ya kreti za bia. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi kama milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma, wakachimba vyoo na kufyeka nyasi nyumbani kwao. Hawakungoja mfadhili. Ndugu wa ukoo mmoja wakikutana siku kumi hawashindwi kuchimba choo kimoja.

Wengine, na hawa ndio wananitia hofu, watasema, “Watoto wetu wa mjini hawana haja ya shamba. Tuliuze, tugawane.” Ndugu zangu, wapo madalali wanaopita kila siku. Mtoto aliyekuja likizo mara kumi akakalishwa chini ya mwembe na soda mkononi, siku wazee wakifa atauza shamba bila machozi, kwa sababu kwake lilikuwa mahali pa kula kuku tu. Fedha hiyo itaingia Kariakoo katika mzigo mmoja wa bidhaa, na mzigo ukiharibika hakuna pa kurudi. Hapo ndipo utaona ugonjwa wa moyo usio na kipimo.

La kufanya sasa

Wewe mwenyeji, kabla mgeni hajaja, kagua choo, tundika chandarua, chemsha maji, na umpigie simu umkumbushe dawa zake. Akifika, mpe siku zake mbili za heshima. Siku ya tatu mpe jembe.

Wewe wa Kariakoo, ambaye pengine gazeti hili limekufikia likiwa limefungia karanga, usije kijijini kujionyesha. Njoo kutoa jasho, kulala na kula mboga. Ukirudi mjini, chukua mambo matatu: tembea kila siku, hata kwa kuzunguka soko kabla ya kufungua duka, ondoa chumvi na soda mezani, na lala kabla ya saa 4 usiku, siku nyingi uwezavyo. Siku kumi za shamba hazitafuta siku 355 za kigodani. Lakini zinaweza kukuonyesha kwamba mwili wako bado unakusikia ukiutendea wema.

Vijiji navyo viweke jambo hili katika mikutano yao. Familia zilizo tayari zijifunze kupokea hata wageni wa kulipa, kwa bei ya haki, kwa choo safi na chakula cha shamba. Lakini tuanze na damu yetu. Mjomba anayedharau gimbi lake hawezi kumwuzia mtalii.

Kinga ni bora kuliko tiba, na jembe halihitaji cheti cha daktari ila kwa wagonjwa niliowataja. Shime ndugu wananchi, tutimize wajibu wetu.